Mwani Uliokataliwa Surabaya

Pale bandarini Surabaya tulimwita Mkorea wa mwani, naye aliitika. Kabla ya kusema lolote aliinama, hata kwa wapagazi, kisha akajipangusa viganja kwenye suruali. Kucha zake zilijaa gundi, kwa sababu forodha walipomwambia kila pakiti ya mwani mkavu iwe na maelezo kwa lugha yetu, Kiindonesia, alishinda ghalani akiyabandika kwa mkono wake, huku akiimba kwa sauti nyembamba ya puani. Mimi, wakala wake, nikimpelekea wali na tempe ya soya, alikula kwa mkono mmoja ili ule wa pili usisimame. Siku ya ukaguzi, Mzee Wiratmo wa forodha alifungua pakiti, akatafuna, akalamba vidole.

“Tamu kweli, bwana! Ila maelezo yalitakiwa kubandikwa kwenu, kabla meli haijaondoka. Mzigo urudi.” Akafungua pakiti nyingine.

Mkorea alinigeukia. “Dada Sulastri, amekubali au amekataa?”

“Amekataa, kaka.”

“Mbona anakula?”

Kontena lilipopandishwa melini, aliwagawia wapagazi pakiti alizokuwa nazo begini, nazo amezibandika maelezo. Wakazimaliza palepale. “Mjomba, utuletee tena!” wakapiga kelele.

“Wanaupenda?” akaniuliza.

“Sana.”

“Na maelezo wanayasoma?”

“Wanayasoma.”

“Sasa forodha wanamkinga nani?”

Nilifungua kinywa nimjibu. Meli ikapiga honi ndefu, nami nikaendelea kuchezesha midomo, nikishukuru kwamba hasikii kitu.