Mume Asiye na Kosa

Wakili wetu alikuwa mama mpole, ofisi yake juu ya duka la mbegu mjini Nyeri. Aliponiona nikiingia na mume wangu, tukicheka jambo fulani la njiani, alidhani tumekuja kununua shamba.

"Tumekuja kuachana," nikasema.

Hatukuwa na ugomvi. Yeye alikuwa akiuza mchele kule Wang'uru, mimi nikishona nguo hapa Nyeri, mtaa wa Majengo, na kwa miaka mingi tulitembeleana kama ndugu. Binti yetu alipoolewa, tuliketi jikoni tukakubaliana kwamba ndoa yetu ilikwisha zamani, tena bila kelele.

"Sawa," wakili akasema, "lakini korti itataka sababu. Kukubaliana peke yake hakutoshi. Ukatili, uzinzi, kutoroka nyumba... yenu ni gani?"

Tukatazamana. Mume wangu, anayependa mambo yaishe haraka, akajitolea. "Andika mimi ni mkatili."

"Ati mkatili?" Nilicheka hadi nikashika meza. "Wewe huwezi hata kuchinja kuku! Kila Krismasi unaita jirani."

"Basi andika niko na mwanamke Wang'uru."

"Uko naye?" nikauliza, na kusema kweli moyo ulinidunda kidogo.

"Sina. Nasaidia tu."

Wakili alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Akatukumbusha kwamba tutaapa mbele ya hakimu, na uongo ungetuletea kesi nyingine. Kisha akasema iko sababu isiyohitaji mkosaji: ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeogopa kwamba ili niwe huru, lazima nimchafulie jina mtu aliyeniuguza nilipovunjika mguu.

Siku ya kesi hakimu akaniuliza, "Huyu alikukosea nini?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Ni mtu mzuri. Lakini hatujaishi kama mume na mke kwa miaka mingi. Tulijaribu. Pasta alitukalisha, wazee wakatukalisha. Tukirudi nyumbani, hatuna la kuambiana."

Mume wangu akatazama viatu vyake.

Alipoulizwa yeye, akajibu, "Ni hivyo tu. Kwa simu tunaongea vizuri sana."

Watu waliokaa nyuma wakacheka, na hakimu naye akatabasamu. Ombi letu likakubaliwa.

Aliyebaki mgumu ni mama mkwe. Alikuja dukani kwangu Majengo nimshonee nguo ya kanisa, akasimama mikono juu nikimpima.

"Sasa niambie, nani alikosa?"

"Hakuna, mama."

"Lazima kuna mtu. Korti haikuuliza?"

"Iliuliza. Tukasema ukweli."

Akajigeuza mbele ya kioo. "Na vile nilikuwa nimejiandaa kumgombeza huyo kijana wangu," akasema kwa masikitiko.

Kisha akataka nguo iwekwe mifuko miwili, tena mikubwa, kana kwamba atabeba humo maneno yote aliyokosa kumwambia.