Mchele wa Kupeleka Bukoba

Nilikuwa napepeta mchele uani, hapa Ifakara, binti yetu wa mwisho alipotoka ndani na simu mkononi: amepata kazi ya ualimu Bukoba. Baba yake akakataa palepale.

"Kule wanakula ndizi, mwanangu. Utashinda na njaa."

Kwake, asiyekula wali hajala. Nikamshauri mzee kwanza akamtembelee kaka yake binti, mwanetu anayeishi hukohuko, maana yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Morogoro. Akaenda, na mchele wake kilo ishirini.

Jana jioni karudi na mkungu wa ndizi mbichi.

"Mchele umeliwa?" nikamuuliza.

"Nimewagawia majirani. Mama watoto, ukila ndizi zile mchana, usiku huulizi chakula." Akachukua kisu, akaanza kumenya mwenyewe.

Binti akachuchumaa karibu yake. "Kwa hiyo niende, baba?"

"Nenda. Ila mchele utabeba."

Wazazi wenzangu, tunawahimiza watoto watembee waone dunia. Kwangu aliyehitaji tiketi alikuwa mzee.

Nikapakua ndizi na maharage, nikahesabu: watatu, wote tupo. Mwezi ujao nitapakua sahani mbili.