Sindano ya spidi imeamka, Bwambale hayuko

Wananchi wa Kasese, Rukoki, Bwera na vitongoji vyake, natoa taarifa rasmi: sindano ya spidi ya lori kuukuu la Hajji, tajiri mwenye malori, imeamka. Tangu Jumanne inapanda na kushuka inavyotakiwa. Hakuna aliyejeruhiwa. Endeleeni na shughuli zenu.

Admin, ficha jina langu, na ukiweza ficha na tumbo, maana Kasese nzima inalijua. Nina miaka hamsini na mbili, ni fundi wa malori, nina mke na watoto watano, na wiki hii sahani inarudi jikoni ilivyokuja. Nikiona samaki, nageuza uso. Nikijiona kwenye kioo, hivyo hivyo.

Lori hilo hupeleka samaki wa chumvi soko la Bwera. Dereva wake nitamwita Bwambale; kwetu watoto hupewa majina kwa zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo akina Bwambale wamejaa kila nyumba, hamtampata. Goti lake la kulia ni bovu. Akifika tambarare ya Kikorongo alikuwa anabonyeza kile kitufe cha kushika mwendo, lori linajiendesha kwa spidi moja, mguu unapumzika. Kisha kikaanza kumwachia njiani. Sindano inaanguka sifuri, kitufe kinakataa, goti linarudi kazini.

"Mzee, hii gari iko na tabia," aliniambia. "Nikibeba samaki, sindano inalala. Nikirudi tupu na jua imewaka, inaamka yenyewe."

"Basi inaogopa samaki kama wewe unavyoogopa bibi yako," nikamtania. Gereji nzima ikacheka.

Nikachomeka mashine ya kupimia, nimekaa kwenye kiti cha dereva na shati langu safi. Mashine ikasema sensa ya spidi, kile kidude cha kwenye giaboksi kinachopima mwendo, haileti habari. Mashine huishia hapo. Baada ya hapo fundi analala chini, anafuata waya kwa macho na vidole. Lakini chini ya lori maji ya samaki yalikuwa yanadondoka, mazito, yananuka kama kidonda. Nikabaki juu.

Hajji akaja. "Fundi, sema wazi. Hii ni kutu ama ni mutu?"

Mjue, hapa kwetu wako madereva wanaochomoa soketi ya sensa, pale waya unapochomekwa, ili mita isihesabu kilomita wakienda safari zao za pembeni. Nikajibu kwa madaha, "Hajji, kutu haichagui siku za mzigo."

Watu wakacheka tena. Nilikipenda kicheko kile. Bwambale hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Mzee, umeingia chini ukaona?"

"Nimeona," nikasema.

Bwambale alinyang'anywa funguo palepale, na habari ikafika kila maegesho ya malori hadi mpakani. Hakuna tajiri anayempa gari. Sasa analima kwao Mahango, kwenye miteremko ile, na goti lile.

Wiki iliyopita dereva mpya akaja na wimbo uleule: nikibeba samaki, sindano inalala. Jumanne nikatandika gunia, nikasukuma tumbo langu chini ya lori. Tone la kwanza likaniingia mdomoni. Soketi ya sensa ilikuwa imeoza kwa chumvi, pini zake kijani, na juu yake kabisa kuna tundu kwenye sakafu ya bodi, pale mzigo unapokaa. Nikabadilisha soketi, nikaziba tundu, sindano ikaamka. Hajji akanikumbatia na uvundo wangu wote: "Fundi, wewe ni daktari!"

Sasa niwaambie ilivyokuwa, bila utani. Tundu lile nililitoboa mimi. Msimu wa mvua, kabla sindano haijaanza kulala, Bwambale alilalamika kuwa maji ya samaki yanasimama kwenye bodi. Nikachukua drili, nikatoboa bila kuangalia chini kuna nini, tukanywa chai. Na siku ile ya Hajji sikuona kitu chochote. Nilisema nimeona kwa sababu watu walikuwa wanacheka na shati lilikuwa safi.

Hajji bado hajui, na nikimwambia, gereji yangu nayo itasemwa hadi mpakani. Ndugu zangu, nianze kwake, au nipande Mahango kwanza? Na Bwambale akiinua kichwa kutoka kwenye jembe, nimwambie nini?