Futari za Jumatatu na Alhamisi

Siku ngazi ya dungu ilipokatika tulikuwepo watu watano. Nilikuwepo mimi, niliyekuwa juu yake. Alikuwepo mdogo wangu wa tumbo moja, aliyenifuata mgongo, ambaye shamba lake la mpunga limepakana na langu. Alikuwepo binamu yangu, binti wa mjomba, mtani wangu tangu tuko wadogo, na haya hana hata chembe. Na walikuwepo mwanangu kitinda mimba na mkewe, ambao naishi nao hapa barabarani kabla hujafika Ikwiriri. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao na babu zao mpaka juu, lakini siyaandiki. Hii ni habari ya unene, na mwili wa mtu hautangazwi pamoja na majina ya jamaa zake.

Kwa asiyelijua bonde letu, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu katikati ya mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hushuka kama mvua, na nguruwe na viboko nao wanataka fungu lao. Basi watu huhama nyumbani, wakaenda kukaa madunguni, wakaamia ndege kwa makelele, madebe na mawe mpaka siku ya kuvuna. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na dungu moja tangu hatujaolewa. Tumeolewa, tumezaa, waume wametangulia mbele ya haki, na kila msimu tulirudi juu kule. Huko hakuna anayekuuliza chumvi iko wapi. Unakaa, upepo unakupiga, unaona bonde lote, mnaongea na mdogo wako mpaka maneno yanaisha, kisha mnayaanza upya.

Siku hiyo nilikanyaga kipandio cha katikati, kikalia ka! nikarudi chini na ngazi yangu, nikakaa kwenye tope kama chungu.

Binamu yangu akapiga ukelele, "Jamani, kiboko kaingia shambani! Leteni madebe tumfukuze!"

Tulicheka, na mimi nilicheka kuwashinda, maana tope ni laini na sikuumia. Asiyecheka ni mwanangu. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu, akasema taratibu, "Mama, mwaka huu pumzika. Na mwakani kama bado unashindwa kupanda, shamba tumpe mtu alime, tugawane naye mavuno. Sitaki nije kukuokota chini siku nyingine."

Angesema kwa ukali ningemjibu. Alisema kwa adabu, nikakubali. Msimu ule mdogo wangu alikaa dunguni na mjukuu wake, mimi nikakaa barazani.

Magoti yalikuwa yananiuma siku nyingi, na presha ninayo. Nikaenda kliniki. Nesi, binti mdogo lakini mwenye heshima, akanipandisha kwenye mzani, akatazama, akanitazama na mimi.

"Bibi, dawa nitakupa, lakini haya magoti yanabeba mzigo mkubwa. Punguza."

"Nipunguze nini, mjukuu wangu?"

"Wali. Mafuta. Sukari. Nazi."

"Nimebaki na nini sasa? Maji?"

"Na hayo maji uyanywe kwa wingi."

Nilikuwa na mwaka mzima mpaka mpunga mwingine utie maziwa, nikaona mwaka ni mrefu. Nikamwambia mkwe wangu apike kunde bila nazi. Akapika. Tukala kimya, nyumba ikawa kama ya matanga. Mwanangu akauliza, "Kuna mtu kafa?" Niliendelea hivyo mpaka yalipofika Maulidi ya mtaani kwetu. Ukiitwa upikaji, na mimi katika kupika pilau huwa naitwa wa kwanza, lazima uonje. Unaonja chumvi, unaonja nyama kama imeiva, kisha unaonja kama uliyoonja mwanzo ni kweli. Nikarudi kwenye nazi yangu.

Ndipo nikapata akili nyingine, na wakati ule niliiona akili kubwa. Nitafunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Nikajiambia napata mambo mawili kwa safari moja: thawabu kwa Mola na wepesi wa magoti. Kwa kweli moyoni nilikuwa nahesabu zaidi magoti.

Niliowasahau ni majirani. Hapa kwetu mtu akijulikana kafunga, jambo lake si lake tena. Kumfuturisha aliyefunga kuna malipo yake, kila mtu anajua, na nani atakubali malipo hayo yapite mlangoni kwake aende kulala? Mara ya kwanza lilikuja bakuli moja la mihogo ya nazi. Mara iliyofuata mihogo ikaja na magimbi. Kisha wakaanza kushindana. Huyu kaleta tambi za sukari, yule kaleta viazi vitamu, mwingine kaimati zinametameta kwa shira, na uji wa pilipili manga wa kufungulia. Bakuli zimepangana mbele yangu zimefunikwa vitambaa, na aliyeleta amesimama pembeni anasubiri kuona kama nimekipenda cha kwake. Utakataa? Utamwambia mtu chukua thawabu zako urudi nazo? Nilikula hiki kidogo na kile kidogo, na vidogo vile vilikuwa vingi. Siku za kawaida nilikuwa nakula sahani moja. Siku za kufunga nilikuwa nakula harusi.

Niliporudi kliniki nilipanda mzani kwa furaha. Nesi akainama, akaushika mshale kama anadhani umekwama.

"Bibi, umeongezeka. Unafanya nini nyumbani?"

"Nafunga."

"Unafunga, au unafungua?"

Mwenyewe alicheka, halafu akaona uso wangu, akanishika mkono. Nilirudi nyumbani, nikamwambia mkwe wangu, "Mwanangu, pika unavyopika siku zote." Akanitazama.

"Mama, umeacha?"

"Nimeacha. Mwili nimepewa na Mungu, nitaondoka nao ulivyo."

Kufunga nikaacha, nazi nikarudisha, na kliniki sikwenda. Nikianza kufikiria dungu nilikuwa nageuza mawazo, kama mtu anayekwepa njia yenye nyumba ya anayemdai. Mwanangu alikuwa ameanza kuuliza uliza nani ana nguvu ya kulima bondeni. Hakunificha, na mimi sikumzuia.

Mdogo wangu alikuja siku moja kunisalimu, akanikuta na chapati. Akasubiri mpaka nimemaliza kutafuna.

"Dada, ule mwaka maji yalipochukua mpunga wote, hata mbegu hatukuziona, weye ulisema umeacha kulima?"

"Sikusema."

"Ulifanya nini?"

"Nilipanda mlau."

"Basi. Panda mlau."

Mlau ni kilimo chetu cha baada ya mafuriko. Mto ukifurika ukaondoka na mpunga, ukirudi kwenye mkondo wake unaacha udongo umelowa. Watu hawakai kulilia mpunga. Wanaingia na majembe kabla unyevu haujaisha, wanapanda mahindi, kunde, maboga, chochote kitakachoota kwenye unyevu uliobaki. Nimefanya hivyo tangu utoto na sikuwahi kudhani ni ujasiri. Ni kazi tu ya baada ya maji. Nilitazama ile chapati ya pili kwenye sahani, nikamsogezea mdogo wangu. Akaila yeye.

Kesho yake nilikwenda kwa mke wa mwalimu wetu wa madrasa, mwanamke mwenye elimu ya dini na mdomo usiozunguka. Nikamweleza yote, na ile nia yangu iliyoelekea magotini. Akanisikiliza huku anachambua mchele.

"Nia yako ielekeze kwa Mola wako. Nafuu ya mwili ikija, shukuru, si dhambi. Na futari za watu usizikatae. Lakini bibi yangu, nani alikwambia uzimalize peke yako?"

Jambo lilikuwa dogo kiasi hicho. Alhamisi iliyofuata nilitandika mkeka mkubwa barazani, nikawaita wanawake wajane wa mtaa wetu na yeyote aliyepita. Bakuli zilipofika zikakaa katikati. Mikono ilikuwa mingi, na maneno yalikuwa mengi kuliko mikono. Tende, maji, tonge chache, na kabla sijafikia tambi, tambi zimekwisha. Waliofuturisha walifurahi kuliko zamani, maana sasa bakuli moja linalisha kundi.

Zikabaki bakuli zenyewe. Chombo cha mtu kwetu hakirudi kitupu, ni aibu. Zamani nilikuwa nawatuma wajukuu wazirudishe na kipande cha sukari guru au ndimu. Sasa nikasema nitazirudisha mimi. Nikalima matembele nyuma ya nyumba ili nipate cha kuwekea, na hilo lilinifanya niiname na kuinuka kila asubuhi. Nikibeba bakuli na fungu la majani ndani, nakwenda nyumba kwa nyumba, na mtaa wetu umetawanyika.

Mara za kwanza nilikosea. Kila mlango niliambiwa karibu, kaa, na chai ikaja na vitumbua. Nilirudi nimeshiba kuliko nilivyotoka. Mdogo wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Hilo nalo ilibidi nilipandie mlau. Nikapata dawa yake: bakuli za Jumatatu nazirudisha Alhamisi, za Alhamisi nazirudisha Jumatatu. Nikifika mlangoni wakisema karibu chai, nasema nimefunga. Wanasema, lo, Mungu akutakabalie, na mimi naendelea na njia.

Binamu yangu, yule mtani, nyumba yake ndiyo ya mwisho kabisa, huko kwenye mikorosho. Alikuwa hakosi kuleta bakuli. Siku moja nikafunua kitambaa chake, nikakuta ndani ya bakuli kubwa kuna kaimati moja. Moja, imekaa katikati kama jicho. Nikalirudisha bakuli na matembele, nimetembea mpaka jasho limelowesha kanga.

"Binamu, umefilisika? Kaimati moja kwenye bakuli la harusi?"

"Bakuli ni la kukutembeza, weye. Kaimati ni usije ukasema nimekuletea chombo kitupu."

"Na miguu yangu?"

"Miguu yako ndiyo ninayoilisha. Tumbo lina wenyewe wengi."

Nilikaa kwenye jiwe lake nikacheka. Kumbe alikuwa anaona tangu mwanzo. Aliendelea kuleta kaimati yake moja miezi yote, wakati mwingine tende moja, na siku aliyokasirika na mimi alileta ndimu.

Sitaki niseme kwamba niliteremka tu kama maji. Ramadhani ilipita na daku zake, Idi ikaja na biriani, nikaongezeka tena. Goti moja likavimba, nikalala siku nyingi bila kutembea. Nikarudi kliniki, nesi akaniambia tumerudi nyuma kidogo. Nikamwambia sawa, udongo bado una unyevu. Hakuelewa, lakini alitabasamu, akaniandikia siku ya kurudi. Safari ile sikuagiza chapati.

Mpunga ukatia maziwa. Mwanangu alikuwa ametengeneza ngazi mpya kwa mti mgumu, na mtu wa kulima kwa kugawana alikuwa tayari, anasubiri jibu. Hakuna aliyelisema, lakini wote tuliokuwa bondeni asubuhi ile tulijua kwamba nisipofika juu, jibu litapelekwa jioni. Walikuwepo wale wale wa mwaka uliotangulia.

Nikafunga kanga kiunoni, nikasema Bismillahi, nikashika. Mwanangu akasimama chini yangu amenyoosha mikono, kama anayesubiri nazi idondoke.

"Ondoka hapo chini, mwanangu!" Binamu yangu akapiga kelele. "Mkeo bado kijana, usimkalishe eda!"

Mkwe wangu akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nami nilikuwa nacheka, na kucheka unapopanda ngazi si jambo zuri. Nikasimama katikati, magoti yanatetemeka, pumzi inanikimbia. Nikaona uso wa mdogo wangu juu mlangoni. Hakuniita wala hakunipa mkono. Alisogea tu pembeni kunipisha, kama anayempisha mtu anayekuja kila siku. Nikapanda kipandio kingine, na kingine, nikaingiza tumbo, kisha goti, kisha mwili wote, nikalala kwenye mkeka natazama makuti.

"Umechelewa," mdogo wangu akasema. "Ndege wameshakula kona yako yote."

Nikainuka, nikashika debe.

Mwanangu alikwenda kwenye baiskeli, akachukua fungu langu la nguo na blanketi, akapanda nalo mpaka katikati ya ngazi, akaninyooshea. Nikalipokea. Jioni alikwenda kumwambia yule mtu kwamba shamba lina mwenyewe. Nilikaa dunguni mpaka tulipovuna.

Mwembamba sijawa, na nesi anasema bado. Nami namwambia bado tupo. Ila mdogo wangu anadai kwamba pale kwenye ngazi nilipumzika mara mbili, na mimi nakumbuka mara moja tu. Mkwe wangu anasema bakuli la kwanza halikuwa la mihogo, lilikuwa la ndizi. Huenda wao ndio wenye kumbukumbu, maana mimi siku ya bakuli nilikuwa na njaa, na siku ya ngazi sikuwa na pumzi. Aliyekuwepo akiona nimepotosha, aje bondeni anisahihishe. Asimame chini aite, nitamsikia.