Joto la Mashine Halishoni Shati

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Sindano ya cherehani ilipita katikati ya kidole changu cha shahada, ikaingia juu karibu na ukucha na kutokea chini, na mimi sikupiga kelele. Nilikuwa mtu wa aibu sana. Hata maumivu niliyaonea aibu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimemaliza darasa la nane na kukwama hapo, nikaja Nairobi kukaa na dada yangu Nekesa katika chumba cha mabati kule Mathare. Dada alikuwa akifua nguo za watu Eastleigh. Alikuwa na mtoto mmoja, Wafula, wa miaka mitatu, aliyeniita mama mdogo na kunifuata kila mahali hadi bafuni. Mimi nilipata kazi ya kushona kola katika kiwanda cha mashati huko Baba Dogo, mwendo wa miguu kutoka kwetu.

Aliyekuja kunitoa sindano alikuwa fundi wa mashine, mzee mmoja mwembamba kutoka Sri Lanka, jina lake Piyadasa. Sisi tulimwita Fundi Piya. Kiswahili chake alikiokota pale pale kiwandani, akakitumia kama alivyotumia bisibisi yake: neno moja, pale panapohitajika. Alizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, sindano ikapanda, kidole kikawa huru. Akakifunga kwa kitambaa safi. Kisha akaniuliza:

"Nasimiyu, kidole ilikuwa hapa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, Fundi."

"Hapana. Mkono hapa. Macho hapa. Wewe wapi?"

Nilijua nilikokuwa. Asubuhi ile msimamizi alikuwa ameniita kobe mbele ya laini nzima ya washonaji. Kwa kuwa sikuthubutu kumjibu kwa mdomo, nilikuwa namjibu moyoni. Nilikuwa nimefika jibu la saba, lililo tamu kuliko yote, sindano iliponipata. Sisi watu wa aibu, mwanangu, ndani yetu mna kelele kuliko sokoni.

Saa ya chakula Fundi aliniita kwenye kona yalikorundikwa maboksi. Alichukua kipande cha kitambaa, akakiweka chini ya sindano na kuzungusha gurudumu kwa mkono tena. Sindano ikashuka, ikatoboa, ikapanda. Ikashuka, ikatoboa, ikapanda. Akaniambia nitazame. Shati likiwa dukani, alisema, mtu huona mstari mmoja wa uzi. Lakini hakuna mstari. Kuna tundu, halafu tundu, halafu tundu. Ni kasi tu inayotudanganya.

Akasema na akili ni hivyo hivyo. Sauti inafika sikioni, fahamu ya sauti inazaliwa na kufa. Harufu ya githeri, mahindi yaliyopikwa na maharagwe, inafika puani, nyingine inazaliwa, nayo inakufa. Halafu hasira, halafu kumbukumbu ya hasira. Zinafuatana kwa kasi hadi tunaziita kwa jina moja, tunasema "mimi". Watawa wa dini ya Buddha walimfundisha hayo kwao akiwa kijana. Kazi ya mtu, walisema, ni kuwa macho kila sindano inaposhuka. Na pa kuanzia ni pumzi, kwa sababu iko karibu na haina bei.

Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Fundi, mimi ni mtu wa kanisa."

"Kanisani wewe hapana pumua?"

Nilicheka hadi kidole kikauma. Basi kuanzia siku ile, nikishamaliza githeri yangu kibandani, nilikwenda kukaa kwenye ile kona, nikafumba macho na kuitazama pumzi ikiingia na kutoka. Mwanzoni niliishia kulala. Baadaye nikaanza kuyakamata majibu yangu ya moyoni kabla hayajafika la pili. Kola zangu zikanyooka. Msimamizi akaacha kuniita kobe, akanitafutia mnyama mwingine mwenye kasi zaidi.

Fundi alinionya jambo moja, na ndilo ninalotaka ulisikie vizuri. Siku moja alipokuwa akipaka mashine mafuta alisema kwamba mtu akitulia sana, mwili nao huanza mambo yake. Joto. Msisimko mwembamba unaotembea mgongoni na utosini. Wengine huona mwanga. Wapo watawa wanaojifunza kuiongoza nguvu hiyo mwilini kama mkulima anavyoongoza maji kwenye mfereji, lakini wanafanya hivyo miaka mingi, mwalimu akiwa kando. "Wewe, ikija, jua imekuja," alisema. "Ikienda, jua imeenda. Hapana shika."

Niliitikia kwa kichwa. Kuitikia si kusikia.

Haukupita muda mrefu, nilianza kuhisi viganja vyangu vikipata moto nikiwa nimekaa. Ulikuwa moto mzuri, kama umeshika kikombe cha chai. Kisha utosi ukaanza kunisisimka. Sikumwambia Fundi. Nilimwambia Mwende.

Mwende alikuwa msichana wa Machakos aliyeshona mikono ya mashati kwenye mashine iliyo karibu na yangu, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko mashine yake. Siku hiyo kichwa kilikuwa kikimuuma.

"Hebu niwekee hiyo mikono yako ya moto hapa, tuone," akasema.

Nikamwekea viganja kwenye paji la uso. Baada ya muda akafumbua macho. "Wee! Nasimiyu! Kimeisha! Haki ya Mungu kimeisha! Manze, kumbe tunakaa na mtumishi wa Mungu hapa na hatujui?"

Kufikia saa ya kutoka, laini nzima ilikuwa na habari. Kesho yake alikuja wa mgongo, kesho kutwa wa jino. Hata msimamizi alikuja, akijifanya anakagua kola, akaninong'oneza kuhusu tumbo lake. Wakaniita Mama Mikono. Mimi, ambaye nilikuwa nikipita mlangoni hakuna anayegeuka! Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji hadi pombe yenyewe ikaisha. Nilipokaa kwenye kona yangu sikuitazama pumzi tena. Nilikaa kuita joto, nalo likija nafurahi, lisipokuja nanuna.

Fundi aliniona nimezungukwa na watu. Aliniangalia kwa muda, kisha akarudi kwenye mashine yake.

Sasa sikiliza habari ya Wafula. Dada alikuwa amempeleka nyumbani Bungoma kumwona nyanya yake, na walikuwa wamerudi kama wiki mbili hivi. Ijumaa asubuhi mtoto aliamka ana homa. Dada alikuwa tayari amejifunga leso ya kumbeba.

"Nampeleka kliniki kwanza, nguo za watu zitangoja," akasema.

"Ngoja, dada," nikasema. "Wacha nimwekee mikono."

Alinitazama. Habari za kiwandani nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, tena kwa kuongeza chumvi. Nikakaa kitandani, nikafumba macho, nikamwekea Wafula kiganja kimoja kifuani na kingine kichwani. Joto likaja. Lilikuja vizuri kuliko siku zote. Nilipofumbua macho mtoto alikuwa ametoka jasho na amelala.

"Amepona," nikasema.

Dada akaifungua leso. Akamwachia jirani mtoto, akaenda kazini.

Jumamosi jioni homa ilirudi. Nikaweka mikono tena, mtoto akatoka jasho tena.

"Nasimiyu, una hakika?" dada akaniuliza. "Niambie kabisa. Una hakika?"

"Nina hakika."

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. Jumapili asubuhi, watu wakielekea kanisani, Wafula alikakamaa mikononi mwa mama yake, macho yakageuka yakabaki meupe.  Dada alimbeba begani na kukimbia, akavuka daraja la mto bila viatu, mimi nyuma yake. Kliniki walimpima damu, wakasema ni malaria na imepanda kichwani, wakatupeleka hospitali kwa gari lao. Huko muuguzi aliuliza, "Mmekaa naye siku ngapi hivi?"

Dada alinigeukia.  Alinitazama tu, na mimi nikatazama sakafu.

Jumatatu nilikwenda kiwandani kuomba ruhusa. Nilimkuta Fundi ameketi kwenye mashine yangu, akiiendesha bila kitambaa kusikiliza mlio wake. Nilimweleza yote, nikilia. Nilitarajia anifokee. Ningependa anifokee. Badala yake alinishika mkono na kukibandika kiganja changu ubavuni mwa mota. Ilikuwa ya moto.

"Joto hii imeshona shati ngapi?" akauliza.

"Hakuna, Fundi."

"Mashine ikifanya kazi, inapata joto. Joto si mbaya. Lakini joto haishoni shati." "Ulipoweka mkono kwa mtoto, uliona nini?"

"Nilihisi mikono yangu ikipata moto."

"Mimi hapana uliza mkono. Mtoto. Pumzi yake ilikuwa haraka ama pole? Midomo kavu? Alikuangalia? Uliona nini?"

 Mtoto alikuwa chini ya viganja vyangu siku mbili, nami macho nilikuwa nimeyafumba.

"Mimi nilikufundisha kuangalia," alisema Fundi Piya. "Wewe uliangalia wewe. Na mimi niliona watu wamekuzunguka, nikanyamaza. Hiyo ni makosa yangu. Sasa nenda. Kaa na yeye. Hapana weka mkono. Hapana fumba macho. Angalia tu."

Nilikwenda. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda, na hakunisalimu. Nikakaa upande wa pili. Siku mbili nilimtazama yule mtoto kama Fundi alivyonionyesha kutazama sindano: pumzi, halafu pumzi, halafu pumzi. Moto ulikuja viganjani, nikajua umekuja. Ukaenda, nikajua umeenda. Hofu nayo ikaja, mara nyingi, na hiyo haikwenda upesi.

Siku ya tatu Wafula alifumbua macho na kuomba maji. Dada alilia kwa sauti. Mimi niliendelea kutazama. Mchana, mwanamke wa kitanda cha jirani aliangusha sahani ya bati upande wa kulia wa Wafula. Wodi nzima ilishtuka, yeye hakupepesa hata jicho. Nikasogea, nikapiga vidole vikalia upande ule karibu na sikio lake. Hakugeuka. Nikapiga upande wa kushoto, akageuka.

Hapo nilitamani kunyamaza. Ningeweza kusema sina hakika, labda usingizi bado. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Dada," nikasema, "sikio la kulia halisikii. Mwambie muuguzi. Na siku ile sikuwa na hakika. Nilisema nina hakika kwa sababu nilipenda kuonekana."

 Nekesa akachukua kikombe cha uji kilichokuwa mezani, akaninyooshea.

"Mnyweshe," akasema. "Mimi mkono umechoka. Na umtazame, uji usimpalie."

Nikamnywesha, kijiko baada ya kijiko, nikimtazama koo linavyomeza. Huo ndio msamaha niliopewa, na sikuwahi kuomba mwingine.

Wafula alipona, ila sikio lile halikurudi. Leo ni mtu mzima, anaendesha lori la mchanga, na akija kunitembelea huchagua kiti cha upande wangu wa kulia ili nizungumze na sikio lake zima. Hajawahi kunilaumu. Mimi kila akivuta kile kiti huikumbuka ile leso ya dada ikifunguliwa.

Siku hizi nawaona ninyi vijana mkijifunza kuvuta pumzi kutoka kwenye simu, mkisimuliana joto la mgongoni na mwanga wa katikati ya macho. Siwakatazi. Mimi mwenyewe bado hukaa kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, na kanisani bado naenda. Sidharau hata ule moto wa viganja, maana si uongo, upo. Lakini mwanangu, ujue upo kama joto la mota. Unakuonyesha kwamba mashine inazunguka, haukuonyeshi kama kola imenyooka. Ukitaka kujua umefika wapi katika utulivu wako, usiulize mwili wako umesisimka vipi. Uliza kama umemwona aliye mbele yako: anavyopumua, alichonyamazia, anachoogopa kukuambia. Na watu wakianza kukusifu, hapo ndipo ushike gurudumu kwa mkono, uende tundu kwa tundu. Ukiulizwa kama una hakika, na huna, sema huna. Neno hilo ni dogo, lingemwokolea mtoto sikio. Na ukimwona mwenzako anapotea, usinyamaze kama Fundi wangu alivyonyamaza, naye alijuta.

Nenda basi, mwanangu. Mola akujalie pumzi ndefu na macho yasiyojitazama yenyewe. Akupe kutulia pa kutulia, na mtoto akiugua, akupe miguu ya kukimbia.