Majivu ya Pumba

Huyu mama mnayemsikia akiitwa Mama Majivu, jina hilo hakujipa. Alipewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, siku alipomfukuza kwenye karakana ya vigae ambayo yeye na mumewe waliijenga kwa mikono yao. Kaburi halijakauka, jamaa kashika funguo! Akamtupia chekeche lake nje: "Shemeji, majivu mahali pake jikoni."

Hakulia. Aliokota chekeche, akaapa karakana itarudi.

Maana yeye alijua jambo. Kigae cha saruji hutiwa nyuzi za katani kisivunjike, lakini saruji ni kali, huila katani polepole mle ndani. Majivu ya pumba za mpunga, yakichekechwa vizuri, ndiyo hupunguza ukali huo. Shemeji aliyaona uchafu. Akayaacha, vigae vikatoka vyeupe vya kupendeza, akaezekea hata nyumba yake. Mama Majivu akawa anafyatua vyake vya kijivu uani kwake, watu wakimcheka. Siri yake akaiweka miaka mitatu.

Mwalimu mkuu alipotafuta vigae vya madarasa, aliwaita wote wawili, vigae vyao vipimwe. Kigae juu ya mbao mbili, ndoo ya mchanga katikati. Vipya vyote vikahimili.

"Haya, Mama Majivu," shemeji akacheka, "tofauti iko wapi?"

"Kwenye vya zamani. Changu hiki nimekishusha paani leo, kina miaka mitatu. Na wewe panda ukalete chako."

Nyumba ya shemeji ilikuwa ng'ambo ya barabara, angekataaje? Akaleta. Nusu ndoo tu, kah! Kikakatika. Ndani nyuzi zilikuwa nyeusi, ukizigusa zinakuwa unga. Cha Mama Majivu kilibeba ndoo mbili. Aliona raha, jamani, tusidanganyane.

Kazi akapewa yeye. Wiki iliyofuata, mawingu yakianza kujikusanya, shemeji akaja uani kichwa chini.

"Shemeji, paa langu lote ni vigae vile vile. Mvua ikinyesha tumekwisha. Yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwako wewe uliyenifukuza," akajibu. "Vigae utapata. Funguo za karakana weka hapo mezani."

Akaziweka. Mama Majivu akatungua chekeche ukutani, lile lile, akamkabidhi.

"Majivu magunia kumi na mawili, shemeji. Yachekeche pale mlangoni, wapita njia wakuone."

Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu, asikose hata punje.