Gari Lililobadilika Kati ya Jumatatu na Alhamisi

Wateja walimwita Gia, na jina likamganda kama grisi chini ya kucha. Hata mumewe, aliyemwoa kwa jina jingine kabisa, siku hizi alisema tu, "Gia, njoo ule."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kuvuta mnyororo wa kunyanyulia injini. Karakana yake ilishughulika na magari ya spoti peke yake, yale ya chini kama mjusi, yenye milango miwili na mngurumo wa kumtoa mtu kitandani. Wenyewe walikuwa watu wenye uwezo wao, na Gia alimwambia kila mmoja maneno yale yale. Gari la namna hii haliuawi na mbio, linauawa na kusimama. Ukiliwasha, lisubiri lipate joto kabla hujalikanyaga. Oili badilisha hata kama hukwenda popote. Na tairi usitazame kina cha meno yake tu, uliza na umri, maana mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Wateja walitikisa vichwa, wakaenda zao, wakarudi wakivutwa kwa kamba.

Dada yake mkubwa alikuwa mkunga aliyestaafu. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, na hadi leo aliwasemesha watu wazima kama vichanga. Goti la kushoto, lililokuwa likimuuma, ndilo lililomletea habari ya gari. Siku moja aliingia karakanani, akakaa juu ya tairi bila kukaribishwa.

"Mdogo wangu, nitafutie sedani. Iliyotumika, sawa, lakini yenye heshima zake. Niketi kama mtu. Sitaki hayo madude yako ya kulala chali."

"Dada, sedani za kifahari zilizotumika ni kama wachumba. Zote nzuri kwa sura. La kuuliza ni kwa nini zimeachwa."

"Basi uliza. Si ndiyo kazi yako?"

Kusema kweli haikuwa kazi yake. Gari la spoti alilijua ndani nje. Likiumwa hupiga kelele, kila mtu akasikia. Sedani ya kifahari imefundwa kuficha, na ugonjwa wake huwa chini ya zulia. Hata hivyo akatoka kutafuta. La kwanza lilikuwa jeusi linalong'aa, lakini alipozungusha ufunguo taa ya onyo la injini, ambayo huwaka kidogo hata gari likiwa zima, haikuwaka hata nukta. Mtu alikuwa ameing'oa, kama mwenye nyumba anayemfunga mbwa mdomo ili majirani wasijue kuna mwizi. La pili, alipofunua zulia la buti, harufu ya mto ilimpiga usoni. Gari liliwahi kuzama hilo. La tatu kipimo kilisema halijatembea sana, lakini kanyagio la breki lilikuwa limelika hadi limelainika kama jiwe la mtoni. Akaufunga mlango taratibu, akamshukuru mwenye gari, akaondoka.

Ndipo mteja wake mmoja, daktari wa meno, akamwambia kuhusu nyumba fulani yenye geti la bluu. Mwenye nyumba alifariki mwaka uliopita, na mjane anauza sedani ya rangi ya fedha.

Gia alikwenda Jumatatu asubuhi. Mjane hakuwepo, alikuwa ametoka na rafiki yake. Aliyemfungulia ni mlinzi, mzee mpole mwenye koti kubwa kuliko yeye. Mzee akaenda nyuma ya nyumba, kwenye banda la magari, akalisukuma gari bila kuliwasha, na Gia akamsaidia lilipotokeza uani. Hilo lilimfurahisha, kwa sababu alitaka injini baridi. Ukikuta boneti imeshapashwa moto kabla hujafika, jua unafichwa kitu.

Injini iliitika mara moja, kimya. Akaliendesha kuzunguka mtaa, na gia zikaingia zenyewe, moja baada ya nyingine, kama watu wa adabu wanaopishana mlangoni. Oili ilikuwa safi. Kasoro mbili tu. Gari lile halibebwi na springi bali na mifuko ya upepo, na mfuko wa nyuma kulia ulikuwa ukivuja, hivyo upande ule uliinama kidogo. Na kwenye kiti cha nyuma palikuwa na tundu la moto wa sigara, dogo kama punje ya mahindi.

"Limepatikana," alimwambia dada yake kwa simu. "Lina kilema kidogo nyuma kulia, lakini hicho nitakitibu mwenyewe."

Alhamisi wakaenda wote wawili. Mlinzi siku hiyo alikuwa mapumzikoni, na mjane mwenyewe ndiye aliyewapokea, mama mrefu, mtulivu, mwenye miwani ya kamba. Gari lilikuwa tayari uani. Rangi ya fedha. Dada mtu akalizunguka huku akichechemea, akainama.

"Nyuma kulia, ulisema? Mbona limesimama sawa?"

Gia akatazama. Gari lilikuwa limesimama wima kama askari. Akaenda kulia, akaenda kushoto, akachuchumaa. Akafungua mlango wa nyuma kutafuta tundu la sigara. Kiti kilikuwa kizima. Akapapasa kwa kiganja, akapapasa tena, kama mtu aliyedondosha hereni.

"Mama," akamwambia mjane, "kuna fundi mwingine aliyeligusa gari hili juzi?"

"Fundi? Hapana. Marehemu hakuruhusu mtu hata alifute vumbi, na mimi sijamruhusu yeyote."

Wakaliendesha. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, giaboksi ikagonga. Du! Dada mtu, aliyekaa nyuma kama malkia, akashika kiti cha mbele.

"Na hiyo?"

"Hiyo..." Gia akapunguza mwendo. Jumatatu haikugonga. Au iligonga? Jasho lilianza kumtoka kwapani ilhali kiyoyozi kilikuwa kikipuliza. Alijilaumu kwamba Jumatatu hakusoma hata namba za gari. Hakuwa na desturi hiyo. Gari alilijua kwa mlio wake na harufu yake.

Mtu mwingine angeuliza. Angesema, mama, hili silo, lile lingine liko wapi? Lakini Gia hakuuliza, na sababu yake haikuhusu magari. Mama yao mzazi, Mungu amrehemu, alianza hivi hivi. Siku moja alisimama mbele ya nyumba yake akaapa kwamba mlango wake ulikuwa wa kijani na kwamba kuna mtu ameubadilisha. Mlango ulikuwa wa kahawia tangu nyumba ijengwe. Waliucheka mlango ule wiki nzima, na baadaye hawakucheka tena, kwa sababu mama alianza kumwita Gia kwa jina la shangazi, kisha hakumwita kwa jina lolote. Aliyemwuguza hadi mwisho ni huyu huyu dada. Yeye ndiye aliyezijua dalili zote, na sasa alikuwa kiti cha nyuma, macho yake yakimtoboa Gia kisogoni.

"Uko sawa, mdogo wangu?"

"Niko sawa. Usingizi tu. Tulifikirie kwanza gari."

Kesho yake Gia hakuwa Gia. Alikaza nati za magurudumu ya gari jekundu la daktari wa meno kwa spana ya kipimo, akaenda kunawa mikono, akarudi akakaza tena. Alipoondoka kwenda kuchukua plagi mpya, wasiwasi ukamrudisha njiani. Nati nimezikaza? Akakuta zimekaza. Daktari alipokuja kulichukua gari lake, alikuta fundi amechuchumaa kwenye gurudumu.

"Si ulisema liko tayari?"

"Nilisema?"

"Dakika hii umenipigia simu!"

Kupiga simu alikumbuka. Alichokuwa hana uhakika nacho ni kama neno "tayari" lilimtoka mdomoni. Akamwomba alirudie kesho. Daktari akaondoka kwa miguu huku akigeuka nyuma mara kwa mara, naye Gia akakaa sakafuni akaliangalia gari jekundu kama mtu anayemwangalia mtoto asiye wake. Nyumbani mumewe aliuliza mbona chumvi imezidi. Swali dogo kama hilo, na machozi yakamjia. Mume wa watu akabaki na kijiko hewani, hajui kosa lake ni lipi.

Jumamosi akaamua kwenda peke yake kwenye geti la bluu. Aliona heri ajue moja. Geti lilikuwa wazi. Gia aliingia hatua chache akasimama kama aliyepigwa msumari.

Uani palikuwa na sedani mbili. Zote za fedha, zimekaa ubavu kwa ubavu kama jozi ya viatu.

"Sasa naona mbili mbili!" akasema kwa sauti, akafumba macho. Alipoyafumbua zilikuwa bado mbili. Akaliendea la kwanza akaligusa. Akaligusa la pili. Yote mawili yalikuwa na maji. Mzee mlinzi alitokea na ndoo yake, koti limekunjwa mikono.

"Mama fundi, unayahesabu?"

"Mzee wangu, nisaidie. Hapa kuna magari mangapi?"

Mzee akamwangalia kwa huruma. "Mawili, mwanangu. Ulitaka yawe mangapi?"

Gia akacheka hadi akashika boneti asianguke. Alicheka na huku analia, na mzee, asiyejua kilichotokea, akaenda kumletea stuli. Mjane akasikia kelele akatoka, na pale uani mambo yakafumbuka kidogo kidogo. Mume na mke walinunua magari mawili sawa, siku moja, moja la mume na moja la mke, kwa sababu mume hakutaka wagombane nani kapata zuri. La mke lilitembea kila siku, na ndilo lililoinama nyuma kulia. Tundu la sigara lilichomwa na shemeji wa mjane. La mume lilikuwa halijatoka bandani tangu mazishi hadi Alhamisi ile, lilikuwa likiwashwa tu na kuzimwa.

"Jumatatu mzee alinionyesha la kwako, mama," Gia akasema.

Mjane akamgeukia mlinzi. "Kwa nini? Nilisema nauza gari, na unajua ni lipi."

Mzee akaweka ndoo chini. "Hukusema lipi, mama. Mimi nilidhani mtu huuza chake. Sikudhani mtu anauza cha marehemu."

Mjane alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akasema polepole, "La kwangu ni gari tu, mzee. Lile jingine kila nikifungua banda nadhani amerudi." Akaingia ndani bila kuaga, na mlinzi akaendelea kuosha, sasa akianzia gari la marehemu.

Gia alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Akamkuta ameweka goti juu ya mto, akamweleza yote, magari mawili, tundu, mlinzi. Halafu akameza mate.

"Nilidhani imenianza, dada. Kama mama."

Dada mtu hakucheka. "Na mimi nilidhani hivyo. Tangu Alhamisi silali. Nilikuwa nikitafuta namna ya kukuuliza leo ni siku gani bila wewe kujua nakupima."

"Jana uliponipigia ukauliza kama kesho ni Jumamosi..."

"Ndiyo hiyo." Dada akavuta pumzi. "Tena nikwambie. Mimi mwenyewe huingia jikoni nikasimama, sijui nimefuata nini. Narudi sebuleni, naketi, halafu nakumbuka. Au sikumbuki. Nitamwambia nani? Watoto wataniita mzee."

Walikaa hivyo, kila mmoja na hofu yake mkononi, wasijue waiweke wapi. Mwisho dada akauliza, "Sasa gari? Linalogonga ndilo linalouzwa?"

"Ndilo."

"Zuri au baya?"

Gia alifungua mdomo kujibu kama fundi, akaufunga. "Sijui. Huenda ni oili ya giaboksi imezeeka kwa kusimama. Nikiibadilisha huenda likapona. Huenda likawa jambo jingine. Mwili wake mzima, halijazama, halijadanganywa. Giaboksi siwezi kuiapia."

"Mimi nimezalisha wanawake miaka yote ile, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumwapia," dada akasema. "Linunue."

Wakalinunua. Mjane aliwapa funguo mlangoni, hakutoka kuliangalia likiondoka. Gia alibadilisha oili ya giaboksi na chujio lake, akaliendesha likiwa baridi, akaliendesha likiwa moto, na kule kugonga kukapungua. Kupungua tu. Asubuhi nyingine haligongi kabisa, mkunga anakwenda zake sokoni ameketi kama mtu. Asubuhi nyingine, bila sababu, bila baridi, bila mlima, du! Gia amelifungua, amelipima, ameuliza mafundi wenzake, na kila mmoja alikuja na jibu lake.

"Limegonga tena leo," dada humpigia simu kumwambia.

"Kutoka ya pili kwenda ya tatu?"

"Sikumbuki."

"Kumbuka, dada."

"Wewe ndiye fundi. Njoo ulisikilize."

Naye Gia hufuta mikono, akaacha gari la mtu limenyanyuliwa juu ya jeki, akaenda kukaa ubavuni mwa dada yake. Huzunguka mtaa mara mbili tatu, wote wawili kimya, wakisubiri gari liseme.